Somo: Waya wa USB umechomolewa, nani afute kumbukumbu?

Draiva ya mzani wa USB tuliyoiandika Tudor inasoma uzani vizuri. Tatizo ni pale muuza duka wa Marikiti anapochomoa waya programu ikiwa bado inasoma: keneli (kiini cha Linux) inaanguka. Kisa ni kwamba `disconnect`, fankisheni inayoitwa kifaa kikichomolewa, inaifuta strakti (fungu la data za kifaa) ilhali faili la kifaa lingali wazi. Tutahesabu wanaoishika strakti hiyo kwa `kref`, kihesabu cha keneli, ili ifutwe tu hesabu ikifika 0.

1. Tia `struct kref` ndani ya strakti. Katika `probe`, inayoitwa kifaa kikichomekwa, ita `kref_init`. Hesabu huanza na 1, na hiyo ni ya `probe` yenyewe.

2. `open` iite `kref_get` (kuchukua, yaani kuongeza 1), faili likifungwa iitwe `kref_put` (kuachia, yaani kupunguza 1; ikifika 0 huita fankisheni ya kufuta). Ukiipa foleni ya kazi (kazi zinazofanywa baadaye) pointa ya strakti, chukua kwanza ndipo ukabidhi. Ukigeuza, kazi yaweza kuisha na kuachia kabla hujachukua.

3. `disconnect` isifute kitu. Iweke alama, chini ya kufuli (kinga ya kuruhusu mmoja tu kwa wakati), kuwa kifaa hakipo, kisha iachie ile 1 ya `probe`. `read` iiangalie alama chini ya kufuli hilohilo na kurudisha `-ENODEV`, kosa la kusema kifaa hakipo.

4. Fankisheni ya kufuta iipate strakti kutoka kwa `kref` iliyo ndani yake kwa `container_of`, ndipo iifute kwa `kfree`.

Sasa mtego wenyewe, na hapa wengi hunaswa: kuomba kumbukumbu ya strakti kwa `devm_kzalloc`. Kumbukumbu yake hufutwa draiva inapotengana na kifaa, hata hesabu ikiwa 3. `kref` haina habari kabisa. Tumia `kzalloc`, ambayo haifutwi mpaka uite `kfree`.

Kutoka Kisauni: Mwalimu, nikisoma hesabu nikaona 1, si naweza kufuta mwenyewe?

La, ndugu yangu. Kati ya kusoma na kufuta, mwingine ameshachukua. Iachie `kref_put` iamue.

Kutoka Likoni: Na `open` ikitafuta kifaa kwenye orodha wakati kinaondolewa?

Swali zuri, maana hapo huna chochote mkononi bado. Orodha nayo ihesabiwe kuwa mshikaji. Kutafuta pamoja na `kref_get` viwe chini ya kufuli moja na kuondoa.

Kutoka Kisauni tena: Nitajuaje nimepatia?

Washa KASAN (kifaa cha keneli cha kunasa matumizi ya kumbukumbu iliyofutwa), fungua faili, chomoa waya, soma tena, kisha funga. Halafu tazama `dmesg`, yaani ujumbe wa keneli. Tangu Linux 4.11 ya 2017, `kref` hutumia `refcount_t`, aina ya hesabu inayojikagua, kwa hiyo ukiachia mara moja zaidi ya ulivyochukua, mara nyingi utaona onyo.