Tovuti Ikibadilishwa Sura na Kuanza Kusumbua: Anza Hapa Kabla Hujafuta Kitu

Umelala tovuti ikiwa hivi, umeamka iko vingine. Menyu imehamia chini, vitufe vimepandana, ukiweka nenosiri inakurudisha palepale ulipotoka, na kwenye kundi la WhatsApp kila mtu ana dawa yake: futa kila kitu, badilisha kivinjari, nunua simu nyingine. Dawa ya kufuta kila kitu ndiyo ghali kuliko inavyoonekana. Ukiondoa kache ya kivinjari chote, yaani nakala za faili za tovuti zilizohifadhiwa ndani ya simu, kila tovuti utakayofungua baadaye itashusha upya picha na faili zake, na ukurasa mmoja wa siku hizi hula MB 2 au 3 bila shida. Kwa mtu wa Uganda anayenunua bando la siku, tena lenye ushuru wa asilimia 12 ndani yake tangu Julai 2021, hiyo si hasara ndogo. Na baada ya yote hayo, huenda kosa lilikuwa kwenye seva, yaani kompyuta za wenye tovuti.

Kinachotokea mara nyingi ni hiki. Ili kuokoa muda na data, kivinjari huweka ndani ya simu faili za tovuti unayoitembelea sana: faili za mtindo zinazopanga rangi na mahali pa kila kitu, programu ndogo za JavaScript zinazoendesha vitufe, na vidakuzi vinavyokumbuka kwamba umeshaingia. Tovuti ikibadilishwa, ukurasa unaokuja ni mpya lakini simu inauvisha nguo za zamani. Mikono inazidi, suruali haifiki. Kazi yako ni kujua kwanza kama tatizo ni hizo nguo au ni la mwenye tovuti.

Majina ya menyu hapa chini yako kama yanavyosomeka kwenye simu iliyowekwa Kiingereza, maana ndivyo nyingi zilivyo. Neno likitofautiana kidogo kwenye toleo lako, tafuta la karibu yake.

Hatua ya 1: Okoa ulichoandika, hakikisha utaweza kurudi ndani

Kama ulikuwa umeandika kitu na hakijatumwa, kinakili chote ukibandike kwenye programu ya maandishi au ujitumie kwa WhatsApp. Rasimu nyingi hukaa kwenye hifadhi ileile tutakayoifuta baadaye, na zikienda hazirudi.

Kisha jiulize: nikitolewa nje sasa hivi, nitaingia vipi? Watu wengi hawajaandika nenosiri lao kwa mkono tangu walipofungua akaunti. Kwenye Chrome gusa nukta tatu, "Settings", kisha "Google Password Manager", uone kama lipo. Angalia pia namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti. Kama ni ya laini uliyoacha kuitumia zamani, ujumbe wa kuthibitisha utaenda kusikojulikana, kwa sababu laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine. Ikiwa bado uko ndani ya akaunti, badilisha namba hiyo kwanza. Usiendelee kabla ya hapo.

Hatua ya 2: Jaribu kwenye dirisha la siri

Hiki ndicho kipimo kikuu, na hakigharimu zaidi ya MB chache. Gusa nukta tatu, chagua "New Incognito tab", kisha andika anwani ya tovuti kwa mkono. Usitumie alama uliyohifadhi wala kiungo ulichotumiwa. Dirisha la siri huanza bila vidakuzi vya zamani wala kache ya zamani.

Tovuti ikifunguka vizuri humo, mabaki yako kwenye simu yako: nenda hatua ya 3. Ikiharibika vilevile, usifute chochote. Ruka hadi hatua ya 4 na ya 5.

Kwenye kompyuta ya kafe kuna njia ya mkato: bonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja, ukurasa upakie upya bila kugusa kache. Ukifanya kazi kwenye kompyuta ya watu, dirisha la siri ni bora hata kwa sababu nyingine, kwamba ukilifunga akaunti yako haibaki wazi kwa mteja anayefuata.

Hatua ya 3: Ondoa mabaki ya tovuti hiyo moja tu

Fungua tovuti yenyewe kwenye Chrome. Gusa alama ndogo iliyo kushoto kwa anwani, chagua "Cookies and site data", kisha gusa picha ya pipa la taka. Njia ya pili: "Settings", "Site settings", "All sites", tafuta jina la tovuti, ufute data yake. Hapo vidakuzi na hifadhi ya tovuti vimeondoka, pamoja na yule msaidizi ambaye baadhi ya tovuti humwacha ndani ya kivinjari ili kurasa zifunguke hata bila mtandao. Huyu msaidizi ndiye husababisha ile hali ya kushangaza: unapakia upya, sura mpya inakuja, kesho yake ya zamani imerudi.

Funga kivinjari kabisa, ufungue tena, uingie. Kwa wengi kazi imeishia hapo.

Ikiwa umeweza kuingia lakini picha na vitufe bado vimepandana, kilichobaki ni kache ya faili, ambayo Chrome kwenye simu haikuruhusu kuifuta kwa tovuti moja moja. Nenda "Settings", "Privacy and security", "Delete browsing data", fungua orodha ndefu, weka muda "All time", halafu weka tiki kwenye "Cached images and files" peke yake. Soma orodha nzima kabla ya kubonyeza. Humo humo kuna sehemu ya manenosiri yaliyohifadhiwa, na hapo ndipo watu wanapojikata vidole. Ikiwezekana fanya hivyo ukiwa kwenye WiFi.

Alama ya tovuti uliyoiweka kwenye uso wa simu nayo iondoe. Mara nyingi inaelekea anwani ya zamani. Fungua tovuti upya, gusa nukta tatu, "Add to Home screen".

Hatua ya 4: Swichi ulizowasha ukasahau

Hapa ndipo penye makosa ambayo hata mafundi huchelewa kuyatambua, kwa sababu hayatokei kwenye simu zao.

Ya kwanza ni "Desktop site". Tovuti za zamani zilikuwa ngumu kusoma kwenye simu, basi watu wakaweka tiki hiyo, na Chrome inaikumbuka kwa kila tovuti. Sasa tovuti mpya imetengenezwa kwa ajili ya simu, lakini simu yako inajitangaza kuwa kompyuta, unaletewa ukurasa mpana wenye herufi kama mchanga. Gusa nukta tatu, ondoa tiki.

Ya pili inatuhusu sisi wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja: tafsiri ya Chrome. Tovuti nyingi zilizoandikwa upya siku hizi hutumia React au vifaa vingine vya kutengenezea kurasa. Programu hizo huweka hesabu ya kila kipande cha maandishi kilichopo kwenye ukurasa. Chrome ikitafsiri, inaviondoa vipande hivyo na kuweka vyake. Programu inapotaka kubadilisha neno moja, tuseme idadi ya ujumbe iongezeke kutoka 3 hadi 4, inakitafuta kipande chake haikioni, na ukurasa wote unageuka mweupe au kitufe kinakataa. Dalili yake ni hii: ukurasa unafunguka sawa, unakaa sekunde chache hadi maneno yageuke Kiswahili, kisha unavunjika mara tu ukigusa kitu. Dawa: gusa nukta tatu, "Translate", rudisha lugha ya awali, halafu kwenye chaguo za tafsiri zuia tovuti hiyo isitafsiriwe yenyewe. Kama tovuti ina Kiswahili chake ndani ya mipangilio yake, tumia hicho.

Ya tatu ni Opera Mini. Inapendwa kwa kubana data, na inabana kweli, lakini ikiwa kwenye kiwango cha "Extreme" ukurasa hutengenezwa kwenye seva za Opera, ndipo simu yako iletewe matokeo yaliyokandamizwa. Menyu zinazofunguka kwa kugusa, vidirisha vya kupakia picha na kurasa zinazojiongeza ukishuka chini havifanyi kazi vizuri kwa mtindo huo. Kwenye mipangilio ya kuokoa data chagua "High", au uzime kwa muda wa kazi hiyo tu.

Hali ya giza inayolazimishwa na kivinjari nayo huleta maandishi meusi juu ya meusi. Izime, upakie upya. Kizuia matangazo vilevile: kinaweza kuficha kitufe halali kwa sababu tu jina lake jipya linafanana na tangazo.

Hatua ya 5: VPN, saa na umri wa simu

Tangu Facebook ifungwe Uganda Januari 2021, kuna watu ambao VPN yao, ile programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva ya mbali, haizimwi usiku wala mchana. Tovuti ikihamia kwenye seva mpya, mara nyingi inawekewa pia mlinzi mpya mlangoni, na mlinzi huyo akiona wageni mia wanatumia anwani moja ya VPN ya bure anaanza kudai uchague picha za taa za barabarani, au anakupa 403, yaani umekatazwa kuingia. Zima VPN, subiri sekunde 10, jaribu tena. Jaribu pia mtandao mwingine, kwa mfano utoke WiFi ya ofisi uingie data ya simu.

Onyo la usalama au la cheti (hati inayothibitisha kwamba tovuti ni yenyewe) likitokea, tazama kwanza tarehe ya simu. Simu iliyozimika betri kabisa inaweza kuamka ikidhani ni mwaka mwingine, na vyeti vyote vinaonekana vimepitwa. Washa tarehe ya kujiweka yenyewe.

Tarehe ikiwa sawa na onyo likabaki, angalia umri wa Android. Tovuti nyingi hutumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt, na simu zilizo chini ya Android 7.1.1 zilipoteza uwezo wa kuvitambua ile njia ya zamani ya kuvithibitisha ilipofikia mwisho Septemba 30, 2024. Simu ya namna hiyo ijaribu Firefox, ambayo hubeba orodha yake ya vyeti badala ya kutegemea ya simu. Chrome nayo ilishaacha kutoa matoleo mapya kwa Android 7, hivyo sura mpya inayotegemea vitu vya kisasa inaweza kugoma hapo hata ukifuta nini.

Hatua ya 6: Soma namba ya kosa

404: kiungo chako ni cha anwani ya zamani. Tafuta kichwa cha ukurasa kwenye Google ukitanguliza site: na jina la tovuti, bila nafasi katikati. Usipoupata, bandika anwani ya zamani kwenye web.archive.org.

"Too many redirects", au 400 inayotaja vidakuzi: vidakuzi vya zamani vinagombana na vipya. Rudi hatua ya 3.

500, 502, 503: ni kwao. Acha, rudi baada ya saa moja.

429: umepakia upya mara nyingi mno. Kila unapoendelea kubonyeza unaweza kuongeza muda wa kufungiwa.

Kama hakuna namba ila unakataliwa kuingia, jaribu kuandika namba ya simu kwa +256 bila ile sifuri ya mwanzo. Mfumo wa zamani ulikubali 07, mpya huenda unataka +2567. Barua pepe ya kubadilisha nenosiri isipofika, itafute kwenye "Spam", kwa sababu mfumo mpya huenda unatuma kutoka anwani ambayo Gmail haijaizoea.

Wakati huu huu ndio matapeli hupenda kutuma "thibitisha akaunti yako kwenye mfumo mpya". Soma anwani kuanzia mwisho. Tovuti iliyokuwa jina.or.ug haiwezi ghafla kuwa jina-or-ug.com bila tangazo lolote.

Hatua ya 7: Andika taarifa ambayo fundi anaweza kuifanyia kazi

"Tovuti yenu haifanyi kazi" haimsaidii mtu. Piga picha ya skrini kwa kubonyeza kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti pamoja, ficha namba yako na salio kama vinaonekana, kisha andika hivi:

"Habari za kazi, ndugu wasimamizi. Leo saa 14:15 EAT, kwenye ukurasa wa kupakia picha, nikigusa kitufe cha kutuma hakuna kinachotokea. Ninatumia Tecno yenye Android 12, Chrome. Nimejaribu dirisha la siri, ni vilevile. Tafsiri na VPN vimezimwa. Picha ya JPG ya MB 4 inakataa, ya KB 300 inakubali. Naomba mnisaidie kuangalia. Asante."

Toleo la Android liko "Settings", "About phone". Toleo la Chrome liko "Settings", "About Chrome". Saa iandike kwa mtindo wa 24 na uongeze EAT, yaani saa za Afrika Mashariki. Ukiandika "saa 8:15 mchana", fundi asiyejua Kiswahili atapekua kumbukumbu za seva za saa 8:15 asubuhi na kukuambia hakuona kosa lolote. Kumbuka pia seva nyingi huhesabu kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, iliyo saa 3 nyuma ya Kampala, kwa hiyo ukiona ujumbe uliotuma saa tisa alasiri umeandikwa 12:00, haujapotea. Tafuta sehemu ya kuweka saa za eneo kwenye wasifu wako uchague Kampala au Nairobi.

Ule mstari wa picha mbili, ya MB 4 na ya KB 300, ndio unaoweza kumwokoa fundi nusu siku. Kila unapoweza, mpe jambo moja linalokubali na moja linalokataa. Akikujibu "kwangu inafanya kazi", mwombe aifungue kwenye simu ya bei ya chini, kwa data, akitumia akaunti ya mtumiaji wa kawaida badala ya ile ya msimamizi.