Kabla ya Kupima CRP: Mambo ya Kuzingatia

Kipimo cha CRP, protini inayotengenezwa na ini na kuingia kwenye damu, huonyesha kwamba mwilini kuna inflamesheni, yaani moto wa kinga ya mwili dhidi ya maambukizi au jeraha, ila hakisemi iko wapi wala imeletwa na nini. Ukienda bila maandalizi, jibu linaweza kukutia hofu ya bure.

Jua kwanza unapima kipi. CRP ya kawaida hutafuta moto mkubwa: nimonia, jipu, baridi yabisi iliyochachamaa. Ile ya unyeti wa juu, hs-CRP, hutafuta moto wa chinichini unaokaa miaka ndani ya kuta za mishipa ya damu bila kuuma. Kwa hiyo ya pili, chini ya miligramu 1 kwa lita hatari ya moyo huhesabiwa ndogo, 1 hadi 3 ya wastani, zaidi ya 3 kubwa. Soma pia kizio. Maabara nyingine hutoa jibu kwa desilita, na 0.5 ya huko ni 5 kwa lita.

Siku ya kupima ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Ini huanza kumwaga CRP saa 6 hivi baada ya mwili kuumia, na kilele huwa karibu na saa 48. Chanzo kikizimika, kiasi hupungua nusu kila saa 19 hivi. Kwa hesabu tupu, CRP ya miligramu 80 kwa lita ingeshuka chini ya 3 ndani ya siku nne. Lakini maambukizi hayazimiki ghafla, kwa hiyo subiri wiki mbili baada ya homa, mafua au kung'olewa jino, na zaidi baada ya upasuaji mkubwa. Mazoezi mazito yaache siku mbili kabla. Kufunga kula si lazima kwa CRP peke yake. Jibu la hs-CRP likizidi 10, usilihusishe na moyo bado: tafuta maambukizi au jeraha, kisha rudia baada ya wiki mbili. Kagueni na kinywa, tafadhali. Fizi zinazotoka damu hupandisha CRP, na ndizo zinazorukwa.

Andika dawa zote unazotumia. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huipandisha. Statini (dawa za kolesteroli) na prednisoloni (steroidi ya kutuliza inflamesheni) huishusha. Tosilizumabu, dawa ya baridi yabisi, ndiyo ya kuangaliwa zaidi: inaziba ishara ya IL-6, kemikali ya kinga inayoliamuru ini litengeneze CRP, hivyo mtu anaweza kuwa na nimonia na CRP ikabaki chini. Usiache prednisoloni mwenyewe ili "kusafisha" kipimo. Ukiwa umeitumia zaidi ya wiki tatu, tezi za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya mwili yenyewe, huwa zimelala, na kuikata ghafla kunaweza kuporomosha shinikizo la damu.

Mwenye lupasi, ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe, figo zikiwemo, ajue kwamba ugonjwa unaweza kuwaka huku CRP ikiwa ya kawaida. Aende na orodha ya dalili zake, na aombe mkojo upimwe protini siku hiyohiyo.