Sikio limevimba mpaka tundu limeziba, fanya hivi

Mdogo wangu alienda kuogelea baharini Jumapili, Jumanne sikio likaanza kumuwasha, Alhamisi hata kutafuna ugali hawezi. Ukigusa kile kinyama cha mbele ya tundu anaruka. Ukibonyeza hapo au ukivuta sikio akalia, mara nyingi tatizo liko njia ya nje, sio nyuma ya ngoma ya sikio, ile ngozi nyembamba ya ndani.

Kosa letu, tulikuwa tunaweka matone na yote yanamwagikia shavuni manake njia ilikuwa imejaa uvimbe, dawa haifiki popote. Daktari alisafisha uchafu akachomeka utambi, kitu chembamba kama sponji kavu, kinanyonya dawa kinatanuka na dawa inaingia ndani kabisa. Huo utambi usijaribu kuweka mwenyewe jamani. Ukidondoka wenyewe usiogope, mara nyingi ni uvimbe umepungua, ila rudi akucheki ndani ya siku 1 mpaka 3.

Kuweka matone: shika chupa kiganjani dakika 2 ipate joto, ya baridi inaleta kizunguzungu. Lala sikio bovu juu, weka matone, bonyezabonyeza kile kinyama, tulia hivyo dakika 5. Siku 7 mpaka 10 kwa kawaida, umalize hata kama maumivu yameisha. Panadol meza kwa saa zake, usisubiri mpaka ulie. Ukioga ziba na pamba uliyoipaka mafuta ya mgando, na baharini usirudi kwanza. Mafuta ya moto, kitunguu swaumu, njiti ya kiberiti, hapana kabisa! Na usijinunulie matone yoyote tu duka la dawa, ya gentamaisini yanaweza kuua usikivu kama ngoma imetoboka.

Sisi tuliandika kwenye daftari asubuhi na usiku, maumivu ngapi kati ya 10, homa ipo au haipo, na wekundu wa nje tukauzungushia kalamu tuone kama unatambaa. Siku ya 2 au 3 lazima uone nafuu, usipoona rudi.

Mwenye kisukari au kinga ndogo asikae hata siku moja nyumbani na hili, bakteria wanaweza kuingia mpaka mfupa wa fuvu. Maumivu makali yanayomwamsha usiku, uso kupinda upande mmoja, uvimbe nyuma ya sikio, homa kali, hapo ni hospitali usiku huohuo, msingoje kuche.