Mpime nyuki wako kumbukumbu: jaribio la visahani

Nyuki haendi malishoni kwa kubahatisha. Hulikumbuka ua lililompa mbochi, yaani maji matamu ya maua, jana, na kumbukumbu hiyo unaweza kuipima kwa visahani, karatasi na sukari. Nyuki wetu wa huku Moshi ni wakali, kwa hiyo vaa kofia ya wavu na glavu, na watoto wakae mbali.

1. Wakati. Kahawa ikiwa imechanua kihambani, ahirisha. Sukari yako hawataitazama. Subiri kiangazi.

2. Kuwaita. Koroga sukari na maji, kikombe kwa kikombe. Weka kisahani cha kioo walau hatua hamsini kutoka kwenye mizinga, la sivyo nyuki wataanza kuibiana. Siku ya kwanza pakaza asali kidogo ya mizinga yako mwenyewe, kisha iondoe kabisa, maana harufu itavuruga jaribio. Nyuki akishaanza kunywa hutulia. Mtie nukta ya rangi mgongoni kwa kijiti ili umtambue akirudi.

3. Rangi. Kisahani cha sukari kikae juu ya karatasi ya buluu. Kando panga visahani vya maji matupu juu ya karatasi za kijivu, kuanzia kijivu cheupe hadi kinachokaribia weusi. Watu wengi huziruka hizi za kijivu kwa uvivu, na ndizo zenye jaribio lenyewe. Mtafiti wa nyuki Karl von Frisch alizitumia karne iliyopita kuthibitisha kwamba nyuki huona rangi: asiyeona rangi angechanganya buluu na kijivu fulani. Nyekundu usiitumie, nyuki haioni vizuri.

4. Kuhamisha. Badilisha nafasi za visahani mara kwa mara. Usipofanya hivyo atakariri mahali, si rangi.

5. Mtihani. Toa kila kitu, weka karatasi mpya na visahani vilivyooshwa, vyote vitupu. Wakirundikana kwenye buluu na kupapasapapasa, wamejifunza.

Yote hayo hufanywa na ubongo wenye seli za neva karibu milioni moja. Mwaka 1993 mtafiti Martin Hammer alionyesha kwamba seli moja tu, ikisisimuliwa mara baada ya harufu, hushika nafasi ya sukari: nyuki hujifunza harufu ile bila kuonja kitu. Na kahawa yetu ina ujanja wake. Utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kafeini, kwa kiwango kilichomo kwenye mbochi, huwafanya nyuki wengi zaidi waikumbuke harufu ya ua siku ya pili. Mti unamlipa nyuki, na papo hapo unahakikisha kwamba nyuki hausahau.

6. Kumgeuka. Mimi napenda hatua hii kuliko zote. Zimua sukari ya buluu, weka iliyo kali kwenye karatasi ya njano. Hesabu kila nyuki mwenye nukta anarudi buluu mara ngapi kabla ya kuhama. Wapo wanaohama upesi na wapo wabishi. Wabishi usiwafute kwenye daftari, nao ni majibu. Jioni osha visahani na mwaga mabaki mbali na mizinga, sisimizi wasije.