Mambo ya kuzingatia Mtwara kabla ardhi haijatikisika

Tangu gesi ya Mnazi Bay ianze kuchimbwa, swali moja halikosi kuulizwa hapa Mtwara: uchimbaji unaweza kuleta tetemeko? Kulijibu, tuanze na maji. Huko chini mwamba una nyufa, na nyufa zimejaa maji yenye shinikizo. Pande mbili za ufa mkubwa husukumana miaka na miaka, zikishikiliwa na msuguano. Shinikizo la maji likipanda, mbano hulegea, na ufa uliokwisha kukaribia kuteleza huteleza.

Mwaka 1962, karibu na Denver nchini Marekani, majitaka ya kiwanda cha silaha za kemikali yalianza kusukumwa ndani ya kisima chenye kina cha zaidi ya mita 3,600. Mwaka huohuo mitetemeko ikaanza. Kazi ilisimamishwa 1966, lakini tetemeko kubwa kuliko yote lilikuja 1967, kwa sababu shinikizo lilikuwa bado linasambaa nyufani. Kutoa gesi ni jambo jingine, ingawa Groningen, Uholanzi, ambako gesi ilichimbwa, nako kumetikisa: mwamba uliopungukiwa gesi hushindiliwa na uzito ulio juu yake, na nyufa huteleza. Basi mradi ukija kijijini, kwenye mkutano wa hadhara uliza majitaka yatapelekwa wapi, nani atapima mitetemo kabla pampu haijawashwa, na kama ataendelea kupima baada ya pampu kuzimwa. Hilo la mwisho ndilo naliona zito zaidi.

Lakini ardhi haihitaji kisima ili itikisike. Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa 6.0 lilitokea chini ya bahari, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Kwa hiyo nyumba iandaliwe vyovyote iwavyo. Unapojenga, mwambie fundi linta izunguke nyumba nzima, isiishie juu ya milango, na nondo zifungwe vizuri kwenye kona. Mawe na matofali tunayoweka juu ya bati kuzuia upepo yashushwe; bati lipigiliwe misumari ya kutosha. Kabati lifungwe ukutani, mtungi wa gesi usimame pasipoangukiwa na kitu.

Maji ya kunywa yasisahaulike. Tetemeko hufungua nyufa nyingine na kuziba nyingine, hivyo kisima kilichokuwa safi chaweza kutoa tope au kukauka. Weka madumu yenye mfuniko, badilisha maji mara kwa mara, na baada ya tetemeko chemsha ya kisimani kabla ya kunywa hata yakionekana meupe.

Kwa walio ufukweni, Msimbati, Shangani au Mikindani: ardhi ikitikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu, msingoje tangazo wala msiende kutazama bahari; pandeni mahali pa juu. Tsunami, yaani mawimbi makubwa yanayoletwa na tetemeko chini ya bahari, ya Desemba 26, 2004 ilivuka Bahari ya Hindi na kuua watu hata Tanzania. Mikindani kuna kilima cha Boma. Kwingine, kubalianeni leo mtapandia wapi, na nani atamshika bibi mkono.