SOMO: Kushinda ufukweni bila kurudi umeshika kiuno

Wakuu, kila baada ya sikukuu napokea ujumbe uleule: "Jana tulikuwa bichi, leo siwezi kuinama kufunga viatu, shida nini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naweka hapa mara moja, na atakayerudia nitamwelekeza kwenye uzi huu. Wenye tatizo linalojulikana la diski, yaani vile vitu laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo, wafuate daktari wao. Somo hili ni la mwenye mgongo wa kawaida, ambao pengine hukaza mara moja moja.

1. Punguza mzigo kabla hujatoka. Lita ya maji ni kilo moja, kwa hiyo deli la lita 20 likijaa vinywaji na barafu linakaribia kilo 20. Mawili madogo ni afadhali kuliko moja kubwa.

2. Begi liwe la mikanda miwili, na uivae yote miwili.

3. Chagua pa kupita. Waliopima walikuta kutembea mchangani kunakula nishati mara 2.1 hadi 2.7 ya kutembea kwenye sakafu ngumu kwa mwendo uleule. Ukiwa na mzigo, pita kwenye mchanga ulioloa karibu na maji. Ila pale mara nyingi pana mteremko: mguu mmoja unakanyaga juu, mwingine chini, nyonga zinalalia upande. Kwa matembezi marefu rudi kwa njia ileile uliyoendea, ili miguu ipokezane.

4. Mwavuli usiuchome kwa kuudondoshea uzito wote kutoka juu. Piga magoti, tikisa mti wake mbele na nyuma huku ukiushindilia mpaka uingie kama sentimita 60, kisha uinamishe kuelekea upepo unakotoka.

5. Kiti. Vile viti vifupi vya kukunja vinapandisha magoti juu ya nyonga. Nyonga zikibingirikia nyuma, kiuno kinapoteza mbonyeo wake wa asili na unabaki umejikunja kama uduvi. Viringisha taulo, liweke usawa wa mkanda wa suruali, kisha laza egemeo nyuma kidogo ili libebe kiwiliwili. Hata hivyo hakuna mkao mzuri wa saa tatu. Inuka kila nusu saa. Na ninyi mnaolala kifudifudi mkichezea simu kwa viwiko, dakika kumi zinawatosha.

6. KUINUKA NA KUFUNGASHA. Hapa someni polepole, maana ndipo wengi wanapoumia.

Watu wanadhani mgongo unaharibiwa na mzigo wa asubuhi. Asubuhi unabeba ukiwa na nguvu. Hatari iko jioni: umekaa umejikunja saa nzima, mtu anasema "haya twendeni", unanyanyuka, na mkono unakwenda moja kwa moja kwenye mpini wa deli. Kano zinazoshikilia pingili zikivutwa muda mrefu hulegea, na hazirudi kukaza mara tu unaposimama. Zinahitaji dakika kadhaa, na hata hapo hazijarudi zote. Misuli nayo inachelewa kuitika. Katikati ya hali hiyo unaupa mgongo mzigo, tena umeinama, tena umejipinda kwa sababu deli liko ubavuni mwa kiti. Kuinama, kujipinda na kunyanyua kwa pamoja ndio mchanganyiko mbaya kuliko yote.

Kwa hiyo simama kwanza. Tembea hadi kwenye maji na kurudi, dakika tano hivi. Weka viganja kiunoni, jisukume nyuma taratibu mara chache. Anza kukusanya vitu vyepesi. Mwaga maji ya barafu, hakuna sababu ya kuyarudisha nyumbani. Kisha likabili deli uso kwa uso, tanua miguu, kunja nyonga na magoti, livute liguse mwili, ndipo unyanyue. Ukitaka kugeuka, hamisha nyayo, kiuno kikae kilivyo.

ONYO: mchanga hudidimia chini ya mguu mmoja wakati uko katikati ya kunyanyua, na kiuno kinajipinda bila kukuomba ruhusa. Pakanyagekanyage kwanza pashike.

ONYO la pili: usinyanyue kitu huku mtoto amekukalia nyongani. Mshushe, atalia kidogo, atanyamaza.

7. Ndani ya maji usiyape mawimbi mgongo, na usipige mbizi kwa kichwa mahali usipoona chini. Wimbi linalovunjikia ukingoni kabisa linaweza kukubwaga kwa shingo.

MASWALI YA WADAU

Swali: Uzi mrefu mkuu. Kwa kifupi ninunue kiti gani?
Jibu: Hatua ya 5.

Swali: Nimeiona, lakini hujataja aina.
Jibu: Kwa sababu aina haina maana. Kiti ambacho magoti hayapandi juu ya nyonga, na egemeo linalala. Kalia kabla hujalipa.

Swali: Mimi nabeba madeli miaka yote, naliinamia tu nalinyakua, sijawahi kuumia. Mnatisha watu bure.
Jibu: Hongera. Sijasema kila anayeinama anaumia. Nimesema wanaoumia wengi wanaumia namna hiyo. Ukiona dakika tano za kwenda majini na kurudi ni gharama kubwa, endelea na utaratibu wako.

Swali: Mkanda wa kiuno wa wabeba mizigo unasaidia?
Jibu: Kwa mwenye mgongo mzima hakuna ushahidi wa kutosha kwamba unazuia kuumia. Ubaya wake ni kwamba ukishauvaa unajiona una nguvu usizo nazo.

Swali: Samahani kama swali ni la kijinga. Kwa nini maumivu yanakuja kesho yake asubuhi, wakati jioni nilikuwa sawa kabisa?
Jibu: Si la kijinga hata kidogo, ndilo swali bora la uzi huu. Sababu ni mbili. Kwanza, misuli iliyofanya kazi isiyoizoea huuma zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, wala si papo hapo. Pili, ukiwa umelala diski hunyonya maji na kuvimba, ndiyo maana asubuhi unakuwa mrefu zaidi kidogo kuliko jioni. Diski iliyojaa hukakamaa, na kuinama kunaibana zaidi. Kwa hiyo siku ya pili, saa ya kwanza baada ya kuamka, usijikunje: soksi vaa umeinua mguu kwenye kiti, kitanda kitandike baadaye. Tembeatembea. Kulala siku nzima kunachelewesha kupona.

Swali: Tangu jana mguu una ganzi, ganzi imefika hadi pale kati ya mapaja mawili, na haja ndogo inatoka kwa shida. Nikande na maji ya moto?
Jibu: Hapana. Acha simu, nenda hospitali sasa hivi, kitengo cha dharura, na uwaambie maneno hayohayo uliyoandika hapa. Hili haliwezi kusubiri kesho.

Swali: Nilifungua nikidhani unaongelea ngozi ya mgongo. Mimi naungua kila mara, sina wa kunipaka.
Jibu: Vaa fulana, hata majini. Mafuta ya jua ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha kinga, kimeandikwa kwenye chupa) huzuia takriban asilimia 97 ya UVB, miale ya jua inayounguza ngozi, lakini yakipakwa ya kutosha na kurudiwa kila baada ya saa mbili na kila utokapo majini.

Mdau mwingine: Kwa asiye na wa kumpaka, tandaza kitambaa laini cha plastiki, kipake mafuta katikati, kishike ncha mbili na ujisugue nacho kama unavyojifuta kwa taulo. Inafika kote.

Swali: Na deli la magurudumu je?
Jibu: Kwenye lami ni raha. Mchangani magurudumu membamba yanazama na unaishia kulikokota kwa mkono mmoja huku umejipinda. Tafuta yenye matairi mapana, au funga kamba mbili, mkokote wawili, kila mmoja upande wake.