Jinsi ya kuomba tovuti irekebishwe pale inapokuzuia

Umejaza fomu ya kuomba huduma hadi ukurasa wa mwisho. Kitufe cha kutuma kipo, anayeona anakiona, lakini kisoma skrini chako (programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini) kinakipita kimya kimya, au kibodi haikifikii kabisa. Muda unakwisha na ukurasa unafuta yote uliyoandika. Hapo wengi wetu humwita mtu mwingine amalizie, tukamkabidhi nenosiri, namba za siri na mambo yetu yote. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kumaliza mwenyewe, na anayetaka atakayekuja baada yake asikwame hapohapo.

Kwanza, jua unasimama juu ya nini

Andika barua yako kama mtu anayedai haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006 na kuanza kutumika tarehe 3 Mei 2008. Ibara yake ya 9 inaitaja intaneti waziwazi miongoni mwa mambo ambayo watu wenye ulemavu wanapaswa kuyafikia. Ibara ya 21 inazitaka nchi wanachama zizihimize kampuni binafsi zinazohudumia umma, pamoja na zile zinazotoa huduma kwa njia ya intaneti, zitoe taarifa na huduma kwa namna ambayo mtu mwenye ulemavu anaweza kuzitumia.

Kisha isome sheria ya ulemavu au ya usawa ya nchi yako. Usivunjike moyo usipolikuta neno “tovuti” ndani yake. Sheria ya Marekani ya ulemavu ya mwaka 1990, inayojulikana kwa kifupi kama ADA, haikuitaja tovuti, na ile ya Australia ya mwaka 1992 haikuitaja pia, lakini zote mbili zimetumika kudai marekebisho ya tovuti. Tafuta maneno “huduma”, “taarifa” na “ubaguzi”, kwa kuwa dai lako mara nyingi hujengwa juu ya hayo. Tafuta pia muda wa mwisho wa kulalamika, na uuandike mahali utakapouona kila siku. Nchini Uingereza, kwa mfano, dai la ubaguzi katika huduma hufunguliwa mahakamani ndani ya miezi 6 tangu tukio. Kwa kawaida muda huo hausimami eti kwa sababu mnaandikiana barua.

Kusanya ushahidi siku hiyohiyo

Tovuti hubadilika usiku mmoja, na kilichokuzuia leo kesho hakitakuwepo ukionyeshe. Andika tarehe na saa, anwani kamili ya ukurasa, kifaa ulichotumia, kivinjari, na programu saidizi pamoja na toleo lake. Eleza ulichokuwa unajaribu kufanya, ulichobonyeza, na kilichotokea. Ukiweza, rekodi skrini pamoja na sauti ya kisoma skrini. Dakika moja ya sauti inayorudia “kitufe, kitufe, kitufe” bila kusema ni kitufe cha nini inamfundisha msimamizi wa tovuti kuliko kurasa tatu za maelezo. Kabla ya kuituma, hakikisha rekodi hiyo haina nenosiri wala taarifa zako za siri.

Sasa oanisha kila kizuizi na kigezo chake katika WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, yaani tovuti kuweza kutumiwa na watu wenye ulemavu, unaotolewa na W3C, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya wavuti. Toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, na ngazi inayodaiwa zaidi ni AA, ya kati miongoni mwa tatu (A, AA na AAA). Huhitaji kuwa fundi. Picha isiyo na maandishi mbadala inaangukia kigezo 1.1.1, na video iliyorekodiwa isiyo na manukuu kwa kiziwi ni 1.2.2. Kitu kisichofikiwa kwa kibodi ni 2.1.1. Maandishi hafifu ya ukubwa wa kawaida, ambayo uwiano wa rangi yake na ya nyuma yake haufiki 4.5 kwa 1, ni 1.4.3. Sehemu ya fomu isiyosema ijazwe nini ni 3.3.2. Ukiweka namba hizo, barua yako haitaishia kwa mtu wa huduma kwa wateja. Itapelekwa kwa mtu anayejua afanye nini.

Andika barua yenye maombi mawili

Hapa ndipo barua nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtu huandika “tovuti yenu haifai kwa wasioona”, akajibiwa “asante kwa maoni yako”, na mambo yakaishia hapo. Ombi la kwanza ni lako binafsi: upewe huduma uliyoikosa, sasa hivi, kwa njia nyingine unayoweza kuitumia, bila gharama ya ziada, na bila kuhesabiwa umechelewa. Hilo ndilo marekebisho stahiki, na Ibara ya 2 ya Mkataba inasema kuyanyima ni ubaguzi. Ombi la pili ni la watu wote: kizuizi kiondolewe kwenye tovuti, kwa tarehe inayotajwa.

Yatenganishe. Kamati ya Haki za Watu wenye Ulemavu, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachofuatilia utekelezaji wa Mkataba, iliufafanua mpaka huu mwaka 2014 katika maoni yake ya jumla namba 2. Ufikivu ni wajibu kwa kundi zima, unatakiwa kutimizwa kabla hata mtu hajaomba, na anayewajibika hawezi kujitetea kwa kusema ni mzigo mzito. Marekebisho stahiki ni ya mtu mmoja, huanza anapoyahitaji, na hayo ndiyo yanayoweza kupimwa kwa uzito wa mzigo. Ukiyachanganya, watakupigia simu, watakujazia fomu, na kulifunga jalada huku tovuti ikibaki vilevile.

Maneno yanaweza kuwa hivi:

“Tarehe … saa … nilijaribu kutuma maombi ya … kupitia ukurasa … . Ninatumia kisoma skrini. Kitufe cha kutuma hakifikiwi kwa kibodi (WCAG 2.2, kigezo 2.1.1), hivyo sikuweza kukamilisha. Naomba, kwanza, maombi yangu yapokelewe kwa barua pepe ndani ya siku 5 na yahesabiwe kuwa yamefika kwa wakati. Pili, naomba kitufe hicho kirekebishwe, na nijulishwe kwa maandishi kazi hiyo itakamilika tarehe gani na nani anaisimamia.”

Itume mahali ambapo utapata uthibitisho wa kupokelewa. Kama tovuti ina taarifa ya ufikivu, mara nyingi chini kabisa ya ukurasa, tumia anwani iliyomo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tovuti za taasisi za umma zinalazimika kuwa na taarifa hiyo pamoja na njia ya kulalamika, kwa agizo la mwaka 2016.

Wakijibu kwamba ni ghali

Wakumbushe Sydney. Mwaka 1999 Bruce Maguire, mtu asiyeona, aliilalamikia kamati iliyoandaa Michezo ya Olimpiki ya 2000 kwa sababu tovuti yake ilikuwa na picha zisizo na maandishi mbadala, na majedwali ya matokeo asiyoweza kuyasoma. Kamati ikadai marekebisho yangegharimu zaidi ya dola milioni 2 za Australia. Wataalamu wakatoa ushahidi kwamba kazi ilikuwa ndogo mno kuliko ilivyodaiwa. Agosti 2000 tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo ikampa ushindi, na kamati iliposhindwa kutekeleza kikamilifu, ikaamriwa imlipe dola 20,000.

Wakinyamaza

Peleka malalamiko kwenye chombo cha nchi yako kinachohusika: tume ya usawa, tume ya haki za binadamu, baraza la watu wenye ulemavu, au mahakama. Ambatisha barua, uthibitisho wa kupokelewa, rekodi, na jedwali fupi la tarehe. Omba fomu yao kwa muundo unaoweza kuusoma. Ikiwa fomu ya malalamiko nayo haifikiki, liandike hilo pia.

Njia zote za ndani zikiisha, au zikicheleweshwa kupita kiasi, na nchi yako ikiwa imeridhia Itifaki ya Hiari ya Mkataba, nyongeza inayomruhusu mtu binafsi kulalamika, unaweza kuiandikia Kamati ya Haki za Watu wenye Ulemavu yenyewe, yenye wataalamu 18. Hulipi ada, na si lazima uwe na wakili, ila lazima utaje jina lako. Njia hiyo waliipita wateja wawili wenye ulemavu wa kuona nchini Hungaria, waliokatwa ada ileile ya benki kama wengine huku mashine za kutolea fedha hazitumiki kwao. Mwaka 2013 Kamati ikaamua kwamba nchi hiyo ilikuwa imekiuka Ibara ya 9.

Ukiambiwa tovuti imerekebishwa, usikubali jalada lifungwe siku hiyo. Rudi kwenye ukurasa uleule, kwa kifaa kilekile na programu ileile, ujaze fomu hadi mwisho. Ikipita, thibitisha kwa maandishi. Isipopita, jibu kwenye barua ileile, ukiambatisha rekodi mpya na tarehe yake.